Uji wa Mzee wa Zizini

Nordstugu, Vågå
14 Desemba 2003

Mwanangu Solfrid,

Hujambo huko kwenye giza lenu, jua lisikochomoza majira yote ya baridi? Mimi sijambo, ni magoti tu yanayolalamika. Masikio unayajua: simu ikilia, naiona tu ikitetemeka mezani. Kondoo wazima. Jirani yetu Gunvor ameshakimbilia Spania kuota jua mpaka Pasaka, kwa hiyo nimepumzika na umbea.

Sasa habari za Mons, paka wako. Nafanya kila kitu kama ulivyonionyesha kabla hujahamia huko kisiwani wasikotaka paka. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Namwekea sikioni soksi yenye mchele wa moto, namtoboa kidogo, tone la damu, kijidude kinasoma. Siku hizi ananitolea sikio mwenyewe, kama anayelipa kodi. Lakini sukari haishuki! Wiki mbili sasa, leo ishirini na mbili, kesho ishirini na nne. Nimefuata karatasi ya daktari: ikibaki juu siku tatu, ongeza insulini. Tulianza na uniti mbili, sasa tuko tano. Na chakula chake ni samaki wa kuchemsha tu. Sielewi.

La kukuchekesha: Jumapili ya kwanza ya Adventi nilipika uji wa mchele, mwingi mno kwa mtu mmoja. Nikampelekea nisse, yule mzee asiyeonekana anayetulindia zizi, na sukari na mdalasini na donge la siagi katikati, kama marehemu mama yako alivyokuwa akifanya kila mkesha wa Krismasi. Asubuhi bakuli jeupe! Tangu mama yako afariki, mzee huyo hakuwahi kugusa kitu. Basi nampikia kila jioni, na kila asubuhi bakuli limerambwa. Cheka tu. Lakini nyumba imepata tena mtu wa kupikiwa.

Babako


Longyearbyen
19 Desemba

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata leo hii, nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia mzima. Naandika nimesimama hapa posta, mfuko wa barua wa leo unakaribia kufungwa.

Baba, nisse wako ana mkia! Mons hulala wapi? Si juu ya nyasi za zizini? Ni yeye anayekula uji, ndiyo maana sukari haishuki. Najua unavyoufurahia, nisamehe, lakini acha uji leo leo. Asionje kitu kitamu, hata kijiko. Mama alimlea kwa chupa, baba. Sitaki tumpoteze na huyu.

Binti yako


Longyearbyen
20 Desemba

Baba,

Leo sina salamu, nisamehe. Jana haraka ilinipofusha. Ukiacha uji, na sindano irudi chini! Tano zilikuwa za kupambana na ule uji. Bila uji, tano zitamuua. Rudi kwenye mbili. Pima kabla ya kila sindano. Ukiona chini ya kumi, usichome kabisa. Ukimwona anayumba, au amelala haamki, mpake asali kwenye fizi, na umpake tena, hata kama hataki.

Ndege haziruki, kuna dhoruba, wanasema pengine mpaka sikukuu zipite. Barua ya jana imeshaondoka, hii imebaki. Nimekupigia simu mara kumi na moja huku nikijua husikii. Daktari wa mifugo nimempata, lakini yuko ng'ambo ya mlima na theluji imefunga barabara. Atafika akiweza. Nifanye nini zaidi? Sijui.

Kosa ni langu, baba. Si lako.

Solfrid


Nordstugu
28 Desemba

Mwanangu,

Natumai hujambo. Mimi nipo.

Barua yako ilifika tarehe 23. Nilicheka peke yangu jikoni: nisse ana mkia! Nikaacha uji siku hiyohiyo. Sindano sikukosa hata moja, tano asubuhi, tano jioni. Vijikaratasi vya kupimia vilikwisha na duka limefungwa kwa sikukuu, nikasema si kitu, uji haupo tena, atapona tu.

Asubuhi ya Krismasi aliingia jikoni akiyumba kama mlevi. Akakaa miguuni pangu akiukodolea macho mkate wangu wa asali. Nilimnyima, Solfrid. Ulisema hata kijiko. Akalala, na adhuhuri nilipomgusa alikuwa ameshakuwa wa baridi.

Daktari alifika jana, sijui nani alimwita. Alivua kofia, akasema, "Paka mzee huyu, Halvard," wala hakunitazama usoni. Ardhi imeganda, haichimbiki. Nimemlaza zizini ndani ya sanduku la samaki.

Nisamehe, mwanangu. Nilifanya yote uliyosema.

Babako


Longyearbyen
5 Januari 2004

Baba yangu kipenzi, shikamoo.

Pole, baba. Usiniombe msamaha. Daktari amesema kweli, alikuwa mzee, nawe ulimtunza kuliko ambavyo ningemtunza mimi.

Nina ombi moja. Itakufikia barua yangu nyingine, ya tarehe 20 Desemba. Dhoruba iliizuia; ndege ya kwanza imetua leo tu na barua yako, hiyo bado iko posta inasubiri ndege ya kesho. Nimekwenda kuidai, karani akaniambia ikishagongwa muhuri si yangu tena, ni yako. Ni habari za kazini tu, zimeshapitwa na wakati. Usiifungue. Itie jikoni iungue. Hili moja tu nakuomba, baba.

Binti yako


Nordstugu
12 Januari

Mwanangu Solfrid,

Shikamoo yako naipokea, marahaba. Magoti yaleyale.

Barua zako zimefika juzi, zote mbili pamoja. Unajua mama yako alivyonizoesha: tazama tarehe kwanza, anza na ya zamani. Nilipofika kwenye ombi lako nilikuwa nimeshamaliza.

Unasema kosa ni lako. Lakini mkono uliochoma ni huuhuu ninaokuandikia, na asali ilikuwa mezani. Sijui tutafanya nini na jambo hili, mimi na wewe. Njoo Pasaka. Udongo utakuwa umelainika, tutamzika.

Jana jioni nilipika uji tena. Nilijiambia, nani ajuaye, labda nisse naye alikuwapo, labda walikuwa wakila pamoja. Asubuhi nimekwenda kutazama. Siagi ipo palepale katikati, imeganda.

Babako