Kila Chungu na Jina Lake

Muleba, 12 Februari 2024

Mwanangu Violeth,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini wewe na mumeo Isaac mko wazima huko Bilele. Mimi mzima, ila goti linadai mapumziko nami silisikilizi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Mashine ya kukaushia imefika. Mvua inanyesha na kahawa ya kutafuna inakauka ndani, jambo ambalo bibi yako asingeliamini. Edvina na akina mama wenzake wanachemsha majumbani kama kawaida, kila mmoja na majani yake ya kunukia, halafu wanaleta hapa karakanani. Tunamimina yote pamoja, tunakausha, tunafunga. Pakiti za kwanza ziko kwenye basi na barua hii, uzipeleke madukani. Waliosema mjane hawezi kuendesha kiwanda watazitafuna.

Mama yako, Anatolia

Bilele, Bukoba, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Isaac anakusalimu na goti lako analiombea.

Sitakuficha. Maduka yamerudisha pakiti. Nyingine zimeota ukungu, na zilizo nzima zina ladha tatu ndani ya pakiti moja. Mzee mmoja wa Kashozi aliwapokea wageni wa posa kwa akamwani, hiyo kahawa yetu ya kutafuna, kabla ya mazungumzo, kama inavyopasa. Mshenga akaitema. Mzee alinijia akaniwekea pakiti mezani, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Mashine ni mpya, lakini kazi tunaifanya kwa mtindo wa zamani. Waambie akina mama wachemshe hapo karakanani, sufuria moja, majani ya aina moja.

Binti yako, Violeth

Muleba, 15 Machi

Violeth,

Salamu utazipata mwisho.

Nimewaambia. Edvina akabeba kapu lake akaondoka, na wengine nyuma yake. Umesahau unatoka wapi? Majani ya chungu chake mwanamke huonyeshwa na mama mkwe jikoni, mlango umefungwa. Mimi na Edvina tumesaidiana kuzaa na kuzika, na ya kwake sijawahi kuyaona. Wewe unataka ayachemshe mbele za watu kama maharage ya shule.

Mashine imesimama. Protase, yule mnunuzi wa kahawa, anaitaka. Nimemwambia nitamjibu baada ya Pasaka. Ikiondoka nafunga mlango, na akina mama watarudi kumuuzia yeye kahawa mbichi kwa bei anayoitaka yeye. Nina uchungu, mwanangu.

Msalimu Isaac.

Mama yako

Bilele, 20 Machi

Mama,

Shikamoo. Naomba radhi, tena naomba usimjibu Protase.

Tusichanganye. Kila mmoja achemshe kwake, nawe pia, mlango umefungwa. Ila awe na siku yake ya mashine na trei zake, azikague mwenyewe kabla ya kufunga, na pakiti iandikwe jina lake: Kahawa ya Edvina, Muleba. Madukani nitazipanga kwa majina, mteja achague chungu anachokipenda. Mashine peke yake imetushinda, na jina peke yake lingetushinda. Naamini vikienda pamoja vitabebana.

Kibandiko nimeshachapisha kimoja. Mpelekee Edvina akione.

Binti yako, Violeth

Muleba, 9 Juni

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Goti limenyamaza, au mimi ndiye nisiyelisikia. Kimya changu kilikuwa cha kazi.

Edvina alikitazama kile kibandiko, akakizungusha, kisha akauliza siku yake ya mashine ni ipi. Baadaye akazirudisha trei zake ndani ya mashine mwenyewe. “Bado zina maji, Anatolia. Jina langu lisikae juu ya kitu kibichi.” Zamani mimi ndiye niliyekuwa nikimsimamia na kumwambia hivyo. Wenzake nao wamerudi, sasa wanaulizana habari za moto, na mmoja wao, Yasmin, amegundua kwamba trei zikipangwa kwa kupishana, hewa inapita vizuri. Majani hakuna anayeyauliza.

Protase alikuja jana. Edvina ndiye aliyempokea, akampa akamwani yake. Alitafuna, akaulizia mashine. Edvina akamjibu kwamba ina siku zake na zote zimejaa. Kama anaitaka, mkewe alete chungu apange foleni.

Sasa lililonifanya niandike. Dereva wa basi ameniambia Kahawa ya Edvina huisha kwanza, na Kahawa ya Anatolia hubaki rafuni, nawe unaichukua kimyakimya kwenda nayo nyumbani. Acha. Zirudishe pakiti zangu zote kwa basi la kesho. Naanza upya: chungu nimeshakiweka jikoni, na mlango nimeufunga.

Mama yako, Anatolia