Mstari wa 140 na Pampu ya Msimbu

Misugusugu, Jumapili, masika ya 1985

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba kisicho na taka. Situlii.

Mimi niliyeishia kidato cha pili ndiye pekee pale ofisi ya maji Kibaha ninayeiamrisha kompyuta ikatii. Wenye digrii zao wananibishia hodi. Wananiita Fundi, nami naitika upesi wasije wakabadili mawazo.

Hila zangu? Mistari ya programu naipa namba kwa kumikumi, 10, 20, 30, ili nikisahau jambo nipenyeze 15 bila kubomoa nyumba. Kazi naihifadhi kwenye kanda mbili. Kanda moja ni kama suruali moja, ikichanika umekwisha.

Jumatano nikailisha hesabu za pampu za Kisarawe: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita za dizeli. Ikaonyesha kwamba pampu ya Msimbu imefanya kazi saa chache mno kwa dizeli iliyokunywa. Mkubwa wangu hakuuliza mara mbili. Mzee Mwinshehe, mwendesha pampu, akaandikwa mhujumu. Kesho jioni kijiji kinakutana kumtoa kwenye kazi ya pampu.

Ijumaa alikuja ofisini, kofia mkononi. Akaitikia shikamoo yangu, akaitazama mashine.

"Mwanangu, huyu aliniona wapi nikiiba?"

"Mzee, mashine haina mjomba."

Ofisi nzima ikacheka. Nilicheka kuliko wote.

Jana, kwa kumringishia karani mpya tu, nikapenyeza mstari wa 145: ichapishe kila siku peke yake, siyo jumla tupu. Siku nyingi zikatoka sawa, kisha ikachapa hasi tisa. Hasi tisa. Hasi tisa tena.

Siku za kulima, Mzee huwasha saa kumi na moja alfajiri ili kina mama wachote kabla ya kwenda shamba, huzima saa mbili asubuhi. Hizo ni saa tatu za kazi. Mstari wangu wa 140 unachukua mbili, unatoa kumi na moja!

Dawa ni mstari mmoja: jibu likishuka chini ya sifuri, ongeza kumi na mbili. Nimeupachika. Saa na dizeli vimepatana.

Nilizima mashine, nikamwambia karani umeme unasumbua.

Leo nimeandika barua mara tatu, na zote zimeanza, "Mashine imekosea." Nimezichana zote.

Kesho alfajiri nadandia lori la mihogo hadi Msimbu. Nitasimama mbele ya mkutano, niseme nilikosea mimi. Halafu nifunge mdomo, nisiongeze mzaha.

Hapo kwenye kufunga mdomo ndipo sijiamini.