Gari Linalolowa Ndani

Jumapili, 23 Februari 2025

Samahani. Tangu Krismasi sijaandika hata mstari. Najua naomba msamaha kwa karatasi, lakini wewe ndiye pekee unayenisikiliza bila kunipa ushauri. Nilikuwa nimechoka tu. Ikupa akilala na mimi nalala, nguo za watu zinabaki kwenye cherehani.

Habari yenyewe ni gari. Mume wangu Sosthenes alilileta mwezi wa kwanza kutoka Mafinga, kagari kadogo kekundu, alinunua kwa bosi wake pale kiwanda cha mbao anapofanya kazi. Aliniambia hili si la starehe, hili ni la kifua cha mtoto. Maana mwaka jana nilimkimbiza Ikupa hospitali kwa bodaboda, mvua inatupiga, na yeye anahema kama anavuta hewa kwenye mrija. Ana miaka miwili na nusu na pumu juu. Basi likaja gari ili asilowe tena.

Leo tumetoka kanisani, namfunga kwenye kiti chake, akatazama chini akasema, "Mama, gari limekojoa."

Nilicheka. Kisha nikaingiza mkono. Kapeti la kushoto, kuanzia mbele mpaka miguuni kwake, limejaa maji kama sifongo. Milango ilikuwa imefungwa. Vioo vyote juu. Yamepitia wapi?

Jumatatu, 24 Februari

Fundi Yotamu kaja. Ni wa hapa hapa mtaani kwetu Soweto, anaongea kuliko anavyofanya kazi, ila hana roho mbaya. "Mama Ikupa, gari hili halivuji. Linachota." Akacheka mwenyewe.

Akazunguka mara moja, akasema ni kioo cha mbele, gundi imezeeka. Akapaka silikoni nyeusi pembeni mwa kioo kwa kidole, kama anapaka siagi kwenye mkate. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni kioo. Magari mengi huwa ni kioo, akasema.

Mengi. Sikumbishia. Nilitamani sana kiwe kioo.

Alhamisi, 27 Februari

Mvua tangu mchana. Mlima Loleza hauonekani kabisa, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati.

Nilijifunika kanga nikaenda kufungua mlango. Maji. Yale yale, upande ule ule.

Nikampigia baba Ikupa. Nyuma yake misumeno inalia, tunaongea kwa kupiga kelele. Akasema dawa anayo, tena ya bure. Maranda. Yaani vumbi la mbao. Kule kwao Mafinga kila kitu ni maranda: matope uani, maranda, banda la kuku, maranda, choo kinanuka, maranda, viazi visioze, maranda. Jirani yake akimwaga mafuta ya taa, wanayamwagia maranda. Alisema yanavuta maji kuliko godoro. Niinue kapeti, nijaze chini, kwa siku chache patakuwa pakavu, ndipo tutaona maji yanaingilia wapi.

Naona ni wazo lenye akili.

Jumamosi, 1 Machi

Lori la mbao limeshusha kiroba barabarani, dereva kanipigia honi. Maranda laini, ya paini, yananukia vizuri. Sosthenes alikuwa ameyachekecha, akaandika kwa kalamu ya seremala juu ya kiroba: KWA IKUPA. Nilisimama pale nikaangalia maandishi yake. Hajaja nyumbani tangu alete gari.

Mama Gloria, jirani yangu, alinisaidia kuinua kapeti. Tukajaza kote chini, mbele kushoto tukaweka mengi zaidi, kwenye kona ile ya chini ya dashibodi yanapodondokea maji. Mama Gloria akasema sasa gari lako ni banda, umebakiza kununua vifaranga.

Jioni nikagusa. Pakavu. Nilifurahi kama mjinga.

Jumatatu, 3 Machi

Siwezi kuandika vizuri. Lakini nisipoandika nitaanza kujidanganya ilivyokuwa.

Ikupa aliamka na kikohozi kidogo. Saa sita mbavu zikaanza kuingia ndani akivuta pumzi. Nikampa dawa ya kuvuta, kwa ile chupa ya maji niliyoitoboa kitako kama nesi alivyonionyesha. Ikatulia, ikarudi. Nikasema twende, tuna gari.

Mvua ilikuwa inanyesha. Tulipofika barabara kuu vioo vikaziba kwa mvuke — unyevu wote ule umefungiwa ndani na sisi tunahema. Sikuona mbele. Nafuta kwa kiganja, kunaziba tena. Ikupa nyuma anapiga ile filimbi ya pumu kifuani. Nikawasha feni. Sijawahi kuiwasha tangu gari lifike.

Ikapuliza maranda.

Feni inavuta hewa kutoka kona ile ile tuliyojaza. Yalitoka kwenye matundu yote, mengine makavu kama moshi, mengine yameshaota ukungu, harufu ya kitu kilichooza. Usoni kwangu, kichwani kwake. Nilizima, nikasimamisha gari katikati ya barabara, watu wananipigia honi. Nikamtoa. Nywele zimekuwa za njano. Midomo haikuwa na rangi yake.

Bodaboda mmoja aliona akasimama bila kuitwa. Tukaenda hospitali mvuani. Kama mwaka jana. Gari nikaliacha pale limewasha taa, mlango wazi.

Walimwekea mashine ya mvuke. Nesi akanifuta uso na pamba akaniuliza, mama, ulikuwa unafanya kazi kiwandani? Nikamwambia hapana, nilikuwa namleta mtoto.

Jumanne, 4 Machi

Bado wodini. Amekunywa uji. Anahema kwa tumbo, lakini anahema.

Fundi Yotamu aliliondoa gari barabarani akalisukuma mpaka kwangu na vijana. Alinipigia kunijulisha, hakufanya mzaha.

Jumatano, 5 Machi

Tumeruhusiwa. Daktari kasema mambo mawili: vumbi hapana, unyevu na ukungu hapana. Nyumbani hakuna shida. Gari lile asiingie mpaka likauke kabisa na mtu ahakikishe.

Nimeongea na Sosthenes. Leo ni Jumatano ya Majivu, alikuwa ametoka kanisani, ameshafika kazini. Nilikuwa nimepanga maneno makali tangu jana. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema, mke wangu, mimi nimemlisha mwanangu maranda. Basi yangu yote yakaisha. Nikamwambia tuliyajaza wote, mimi ndiye niliyeweka mengi kwenye kona. Nasikia misumeno nyuma yake. Akauliza alete nini. Nikamwambia usilete kitu chochote kutoka hapo ulipo. Nilisema kwa ukali. Sikuyarudisha maneno.

Baadaye mama mkwe akapiga kutoka Mlandege, Iringa. "Kamwene, mama Ikupa." Salamu ya kwao, kwa sauti ya chini, ya heshima, ndipo nikajua kuna jambo. Anamtaka mtoto, mpaka masika yaishe. Alisema Iringa mvua inanyesha kwa adabu. Hospitali anaiona akianika nguo. "Na mimi sina gari, mwanangu, kwa hiyo sina gari linalovuja."

Nikamwambia nashukuru mama, lakini Ikupa anakaa na mimi. Akasema sawa. Afadhali angebishana.

Ijumaa, 7 Machi

Leo nimeamua nitalijua hili gari. Hakuna mvua. Mama Gloria nje na ndoo, mimi ndani na tochi ya simu. Kapeti nimeng'oa lote, maranda nimechota kwa sufuria. Yaliyolowa yameshika bati kama ugali ulioungua.

Nilinyunyiza unga wa sembe kwenye kila kona, maji yakipita yaniachie mstari. Nikamwambia amwage kidogo kidogo, aanze chini apande juu, kila sehemu asubiri. Mlango: kavu. Kioo cha mlango: kavu. Kioo cha mbele, ile silikoni ya Yotamu: kavu. Kumbe kazi yake ilikuwa nzuri, ila ilikuwa kazi ya mahali pengine.

Kisha akamwaga kwenye ile plastiki nyeusi chini ya waipa. Nikasikia kabla sijaona. Tlop. Tlop. Kutoka kwenye feni, mstari mweupe ukavunjika, maji yakashuka miguuni kwangu.

"Nimwage tena?" mama Gloria anauliza nje. "Au umeshazama?"

Tulifungua ile plastiki kwa bisibisi ya cherehani. Chini yake kuna mfereji unaopeleka maji pembeni, yatokee nyuma ya gurudumu. Haukuonekana. Ulikuwa umejaa majani ya paini, yale membamba kama sindano, yamelaliana, yameoza, yamekuwa godoro. Gari lilikuwa likilala chini ya miti ile kiwandani mwaka mzima kabla halijawa letu. Maji yakikosa njia yanajaa, yakijaa yanamwagikia kwenye tundu la feni.

Nikatoa kwa uma wa jikoni na vidole. Karai zima. Nikamwaga maji, yakatokea nyuma ya gurudumu, chini, kwenye udongo, kama inavyotakiwa. Nilichuchumaa nikayaangalia. Mama Gloria akasema ndaga, asante Mungu wangu, mwanamke analia kwa sababu ya maji kumwagika nje.

Nikamtumia Sosthenes picha ya karai. Katuma alama ya mikono inayoomba.

Jumapili, 9 Machi

Mvua wakati wa ibada.

Maji ndani.

Jumatatu, 10 Machi

Yotamu kalala chali chini ya dashibodi zaidi ya saa nzima. Katoka na kipande cha bati mkononi, kimemomonyoka kama biskuti kwenye chai. Majani yale yaliweka unyevu muda mrefu, bati la kuzunguka feni limeoza. Kuna tundu linaingia dole gumba. Safari hii alinionyesha, nikaingiza la kwangu.

Inabidi dashibodi ishuke yote, pachomelewe, papakwe rangi, mpira wa feni ubadilishwe. Na kuchomelea ndani ya bati lililolowa hakufai, lazima likauke kwanza. Litakauka lini, na mvua hii? Akakuna kichwa. Akasema mama Ikupa, nikikwambia wiki nitakuwa nakudanganya kama nilivyokudanganya kwa kioo. Hapana, nikamwambia, hukunidanganya. Hukuangalia.

Akakubali.

Usiku Ikupa hakulala vizuri, anakohoa. Leo radi tangu asubuhi. Nikimwangalia mtoto naangalia mbingu. Nikiangalia mbingu naangalia simu, nani mwenye bodaboda iliyo karibu. Haya si maisha ya kumkinga mtu.

Nimempigia mama mkwe mwenyewe. Nikamwambia aje amchukue. Akasema, nakuja kesho na basi la asubuhi, na wewe usimwambie mtu umenipigia, useme nilikuja kumsalimia mjukuu.

Jumatano, 12 Machi

Wameondoka. Mama mkwe alilala hapa siku moja tu. Alifika na kapu la ulanzi mkavu — hapana, naandika ovyo, ulanzi ni pombe — la mianzi, ndani mna nguo za mtoto alizoshona mwenyewe kwa mkono. Hakugusa habari ya gari. Alipita pembeni yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya watu asiowasalimia.

Nilimfundisha dawa. Tikisa kwanza. Bana. Hesabu pumzi zake, si zako. Alirudia mbele yangu mpaka nikaridhika, mama mzima yule, na hakuona haya kufundishwa na mkwewe. Nikamwambia akihema mbavu zikiingia usisubiri asubuhi, usisubiri mtu, usinipigie mimi kwanza. Akasema, "Wewe utakuwa wa pili kujua. Hilo naweza kukuahidi."

Ikupa alikaa dirishani mwa basi anapunga mkono kama anaenda harusini. Hakulia. Mimi ndiye niliyefanya aibu stendi.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba kimya. Mvua ipo. Gari liko uani limefunikwa turubai, dashibodi iko sebuleni juu ya kochi, nyaya zinaning'inia. Nimeshona suruali mbili za shule, zote nimekosea pindo.

Sosthenes anauliza tena anitumie nini. Nilimjibu vibaya siku ile, leo nimemjibu. Nanakili hapa nisije nikasahau nilichoomba:

Mpira wa duara wa chini ya feni. Yotamu kapima, picha nimekutumia. Usinunue wa kukaribiana, uwe wenyewe.

Bati jipya, kipande cha ukubwa wa kitabu tu. Na rangi ya kuzuia kutu.

Kapeti la kushoto kutoka gari jingine, kavu. Linuse kabla hujalituma.

Turubai jingine, hili linadondosha katikati.

Ruhusa yako kazini, hata ya siku mbili. Kama haiwezekani niambie haiwezekani, usiseme tutaona.

Na kwa mama, wewe ndiye umwombe, mimi nimeshamwomba mengi. Kila jioni anitumie sauti ya Ikupa kwa simu. Si akiongea. Akiongea na simu anajikaza, anaimba, sipati kitu. Amrekodi akiwa amelala, simu iwe mgongoni, chini ya bega la kushoto, redio izimwe, dakika moja, nisikie anavyohema. Na ile filimbi ikiwemo asiifute akarekodi upya, anitumie hivyo hivyo.