Picha za Dhahabu za Vénuste

Jumanne, 4 Juni 2024
Asante Mungu, batoto wamekula. Umwali leo hakukohoa.
Vénuste wa ng'ambo, Bukavu, alikuja kwa bwana yangu, Mudathiru. Ana picha kwenye simu: shimo, kofre, sanduku kubwa la chuma, na kando yake vipande vya dhahabu vimefungwa kwenye nguo. Anasema askari waliviacha wakikimbia vita ya 96, na tangu siku ile hakuna mkono umegusa. Dhahabu nyingi, eti, imo ndani ya kofre, na halifunguki. Anamtaka Mudathiru aende naye porini kulikata. Fundi wa kuchomelea kama yeye, eti, hakuna Kamembe yote. Sifa hizo! Wataondoka Ijumaa.


Jumatano, 5 Juni
Nilimwambia Mudathiru kule porini kuna bunduki.
"Maman Umwali, wewe hata kuku akilia unaona vita."
Nilicheka. Moyo haukucheka. Mashine yake ya kuchomelea Vénuste amekwisha kuivusha mpaka.

Alhamisi, 6 Juni
Leo Mudathiru amenipa simu yake nitazame mwenyewe picha alizotumiwa na Vénuste. Namshukuru — hajawahi kuniuliza mambo ya namna hii. Dhahabu siijui. Nikatazama nguo. Kitenge. Nikaivuta picha ikawa kubwa.
Ni Macho ya Wifi, deseni letu.
Balo lake, mzigo mzima wa vitenge, tulilifungua sokoni baada ya Idi, mwaka huu huu. Sisi wauzaji hatuuzi deseni jipya kabla ya kulipatia jina, na jina hilo nililitoa mimi. Mukarugwiza, ninayeuza naye, karibu aanguke kwa kicheko.
Mudathiru akasema labda ni deseni la zamani limerudi. Nikaleta kipande kilichobaki, akakiweka kando ya simu. Duara kwa duara. 
"Vita ya 96," akasema, "na kitenge cha mwezi wa nne."
Alhamdulillah. Nimepika wali.

Ijumaa, 7 Juni
Nilidhani yamekwisha. Asubuhi namkuta amevaa viatu.
"Dhahabu ni uongo, nimekubali. Lakini mashine yangu ni ya kweli."
Anataka kuvuka kuifuata. Nikamuuliza, muntu aliyekudanganya akijua umemjua, atakufanya nini? Iache. Nitauza vitenge mpaka tupate ingine. Batoto hawataiita mashine baba.
 Vénuste amepiga simu mara tatu, anamngoja mpakani.
Mudathiru ameketi mlangoni, mimi naandika nyuma yake. Kila dakika anayokaa, namshukuru Mungu.
Amevua kiatu kimoja.