Kumbishia Mzee wa Watu

Ujerumani, 4 Novemba 2023

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe na Bibi? Magoti ya Bibi yanaendeleaje, na macho yako je? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Nimeamua kuandika barua kwa sababu Mama anasema siku hizi kwenye simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajijazia mwenyewe. Eti umeshawatangazia watu wa sokoni kwamba nimekuwa daktari!

Sijawa daktari, Babu. Nasaidia kwenye makao ya wazee: nawaogesha, nawalisha, nawasukuma kwenye viti vya magurudumu. Mafunzo ya uuguzi yenyewe hayaanzi mpaka nifaulu mtihani wa Kijerumani mwezi ujao. Nasoma asubuhi kabla ya zamu, nasoma kwenye basi, nasoma hata maandishi ya kwenye pakiti ya unga.

Maneno hayanisumbui sana. Kinachonisumbua ni salamu. Huku hakuna shikamoo. Mtu wa miaka tisini unamwambia habari za asubuhi vilevile unavyomwambia mtoto wa chekechea. Mimi goti linajikunja lenyewe. Wiki iliyopita nilimpigia goti bibi mmoja, naye akainama kuangalia chini ya kiti chake. Alidhani nimeangusha kitu, akaanza kunisaidia kutafuta. Nikaona aibu kumweleza, tukatafuta wote wawili.

Niombee dua.

Mjukuu wako,
Nasma


Singida, 2 Desemba 2023

Mke wangu Nasma,

Marahaba, marahaba sana. Sisi wazima. Mke mwenzio, yaani bibi yako, magoti yanamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Baba yako yuko shambani, mvua imemkuta hajamaliza kulima alizeti. Barua yako imezunguka soko zima. Gabrieli wa vitunguu ameisoma akacheka mpaka mteja akaondoka.

Ngoja nikwambie kitu. Mimi nilikuja hapa Singida nikitokea Pangani, kijana mbichi, nimebeba cherehani ya mjomba. Kiswahili mjini kilitosha. Lakini wateja wangu walikuwa kina mama wa vijijini, wakisemezana Kinyaturu mbele ya uso wangu, nami sijui kama wanasifia gauni au wananisengenya. Nikajifunza mbiombio: kiuno, bega, mkono, bei, njoo kesho. Basi. Miaka kadhaa nilikuwa nayo lugha ya kumpima mtu tu. Mtu akifiwa sikuwa na neno la kumpa.

Wewe hata mwaka hujamaliza huko, na tayari unahangaika namna ya kuwaheshimu wazee wao. Umenipita mbali, mke wangu. Hapo sikutanii. Anayejifunza ili auze na anayejifunza ili akae na watu si sawa hata kidogo, na mimi nilichelewa sana kuijua tofauti hiyo.

Kwenye mtihani usitetemeke. Tangu uanze kuongea hujawahi kukosa jibu humu ndani.

Mumeo,
Babu Abdillahi


Ujerumani, 11 Januari 2024

Babu,

Shikamoo. Poleni na mvua, Mama amesema barabara ya kwenda shamba imekatika. Bibi mpe pole ya magoti. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Nimefeli.

Kusoma nimefaulu. Kusikiliza nimefaulu. Kuandika nimepata alama nzuri kuliko wenzangu wote darasani. Nimefeli kuzungumza, Babu, mimi ambaye Mama alikuwa ananifukuza jikoni kwa sababu ya mdomo.

Unawekwa na mtu mwingine anayefanya mtihani kama wewe, mnapewa jambo la kujadiliana, na walimu wawili wanasikiliza. Mimi niliwekwa na mzee mmoja kutoka Syria, umri wa Baba kabisa, hata mvi zimeanzia palepale. Jambo lenyewe lilikuwa hivi: wazee wakae na watoto wao au wakae kwenye makao? Yule mzee akasema makao ni bora, watoto wasisumbuliwe. Moyoni nilikuwa nachemka. Nilikuwa na maneno yote, Babu, yamejipanga. Lakini alikuwa mtu mzima anaongea. Nikasema, "Ni kweli." Akaendelea. Nikasema, "Umesema vizuri sana." Mwalimu akaniangalia kama ananiomba. Nikainamisha macho.

Wameandika kwamba sina uwezo wa kutoa hoja. Narudia mtihani mwezi wa tatu. Nikifeli tena mkataba unakwisha na narudi nyumbani. Wenzangu wananiambia nizungumze tu kama wao. Nashindwa. Nikiwa na adabu wanasema sijui lugha. Nikiongea wanavyotaka najisikia mtoto asiye na wazazi. Kwa Kijerumani sijui mimi ni nani.

Mjukuu wako,
Nasma


Singida, 6 Februari 2024

Mke wangu,

Marahaba. Tumeipokea barua yako na nyumba nzima imenuna. Bibi yako amesema urudi kesho asubuhi. Mimi nimesema hurudi, na tumenuniana hata sasa ninapoandika. Mama yako anataka nimpe ujumbe wangu akueleze kwenye simu. Nimekataa. Maneno ya mtu na mke wake hayapitii kwa mtu wa tatu.

Kwanza, sikuoni mjinga. Uliona mtu mzima anaongea ukanyamaza. Nilitamani nimshike mkono mwanangu aliyekulea, nimwambie ahsante. Wamekunyima alama kwa jambo ambalo mimi ningekupa zote.

Lakini umekosea, na kosa lako nimeligundua nikiwa nakata suruali ya mteja wangu Paskali, nusura niiharibu. Ulimwona yule mzee ukamfanya baba. Kwani nani alikulazimisha? Kwetu wazee ni wa aina nyingi. Baba humbishii. Mjomba humbishii. Babu je? Mimi si ndiye unayenibishia mpaka chumvi ya mchuzi? Si wewe ulinambia mbele ya wageni kwamba nakoroma kama mashine ya kukamua alizeti? Ulinikosea heshima siku hiyo? Nilikuongezea nyama!

Kinyaturu changu hakikutoka dukani. Jirani yetu alifiwa, watani wakaja msibani na vituko vyao, wamejilaza njiani kuzuia jeneza mpaka wapewe chochote. Mimi mtu wa pwani nilishaingizwa kwenye utani wao bila kuulizwa. Bibi mmoja akasimama akanisema mbele ya watu wote, kwa Kinyaturu, kwamba nashona magauni yanayowakimbia wenyewe. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamjibu kwa Kinyaturu kwamba lake halikumkimbia, liliogopa kumwingia. Msiba mzima ukacheka. Mfiwa akacheka huku machozi yanamtoka. Yule bibi akanishika mkono, na tangu siku ile nilikuwa na mtu wa kumsalimia kila mtaa.

Kwa hiyo, mtihanini, atakayekaa mbele yako, akiwa na mvi, mfanye babu. Heshima haitaondoka. Utani wetu nao ni heshima, tena ya watu wanaopendana.

Mumeo,
Babu Abdillahi


Ujerumani, 19 Machi 2024

Babu yangu, mume wangu mkorofi,

Shikamoo. Ramadhani njema kwenu nyote. Funga inakwendaje? Bibi asifunge kama dawa zake ni za mchana, mwambie nimesema mimi. Mimi nafunga na ninaendelea vizuri.

Barua yako imechelewa. Nimeikuta kwenye sanduku la barua nikitoka kwenye mtihani. Ilibidi nikae kwenye ngazi, maana nilikuwa nasoma mambo ambayo nilikuwa nimetoka kuyafanya.

Nilipoingia kwenye chumba cha mtihani nikakuta mzee kuliko hata yule wa kwanza. Mzee wa Ukraine, ana fimbo. Nikajua nimekwisha. Jambo la kujadili: wazee wapimwe upya kabla ya kuruhusiwa kuendelea kuendesha gari? Mzee akaanza kwa sauti kubwa kwamba yeye ameendesha maisha yake yote na hakuna wa kumpima. Huku anaongea anatafuta miwani. Anapapasa mfuko huu, anapapasa ule, na miwani iko kwenye paji la uso. Kama wewe, Babu. Kama wewe kabisa! Likanitoka, kwa Kijerumani, hata sikulipanga: "Samahani mzee, miwani iko kichwani kwako na huioni, halafu unataka usukani?"

Nikasema moyoni, hapa nimeharibu. Mzee akapeleka mkono kichwani, akaikuta. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Walimu nao wakacheka. Baada ya hapo alinibishia na mimi nikambishia, hakuna aliyemwachia mwenzake. Tulipomaliza nikamwokotea fimbo, nikampa kwa mikono miwili na goti likajikunja. Akanipa mkono akasema nina bahati mbaya kwamba mimi si mjukuu wake.

Nimefaulu, Babu. Majibu yametoka leo.

Nimelia sana kwenye basi. Nilikuwa nimezoea kuona kama kuna msichana mwingine anayeongea Kijerumani, mimi nimekaa pembeni namsikiliza. Siku ile aliyeongea nilikuwa mimi.

Mafunzo ni ya miaka mitatu, ndipo nitarudi. Usidhani nimehama.

Mkeo,
Nasma


Singida, 15 Aprili 2024

Mke wangu Nasma,

Marahaba. Idi imepita salama. Bibi yako alifunga kwa ukaidi, na dawa akameza alfajiri. Barua yako niliisoma msikitini baada ya swala, imamu akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza.

Sasa naomba unisikilize vizuri. Nilikuwa najisifu kwamba nimekufundisha. Kumbe barua yangu ilikuwa njiani na wewe umeshamaliza kazi. Ulijua mwenyewe. Furaha niliyonayo siwezi kuimaliza kwa kalamu, nami si mtu wa kukosa maneno.

Unasema utarudi baada ya miaka mitatu. Mimi nilikuja hapa nikisema ni kwa mwaka mmoja tu. Baada ya ule msiba nilimwandikia mama yangu Pangani, nikamsimulia nilivyowachekesha watu kwa lugha yao, nikamalizia kwamba nitarudi karibuni. Hakunijibu. Alinitumia sanduku langu la nguo na mkeka wangu wa kulalia, kwa treni mpaka Manyoni. Nilikasirika, nikaona amenifukuza. Alikuwa ameelewa kabla yangu kwamba kwangu sasa ni hapa, na nadhani alilia wakati anaufunga ule mkeka. Sasa najua alilia.

Usinijibu kwamba nimekosea. Fanya kazi, kaa na watu, cheka nao. Hapa kwetu pako palepale, na sisi tunakupenda vilevile.

Jana nimempa mdogo wako Kauthar kitanda chako. Ukija likizo utalala chumba cha wageni, na jogoo nitakuchinjia mwenyewe, kama anavyochinjiwa mtu aliyesafiri kutoka kwake.

Babu yako,
Abdillahi