Harusi Thelathini na Moja Zilizoungua

Jumatatu, 14 Julai
Nimesahihisha insha hadi adhuhuri. Nilistaafu miaka saba iliyopita, na bado shule hii ya hapa Likoni huniita kila muhula. Mwalimu Hamisi, msimamizi wa Kidato cha Nne, amewagawia wanafunzi insha moja kuhusu soko lililoungua. Waikariri nzima. Anasema alama zitapanda. Karaha tupu.

Jumanne, 15 Julai
Mwanakombo amekataa kukariri. Binti wa mtaa wa Shika Adabu, mkimya. Huandika zake, hupata saba kwa ishirini, huandika tena. Leo saba, mara ya tatu. Nimemwita mkaidi mbele ya wenzake. "Haya, Mwalimu," akasema, akafungua ukurasa mpya. Wakamcheka: "Profesa wa saba!" Nimeudhika naye.

Ijumaa, 18 Julai
Mtihani wa majaribio. Atakayepata chini ya kumi atatolewa mkondo wa kwanza na kupelekwa chumba cha nyuma, kisicho na mwalimu wa kudumu wa Kiswahili. Swali: Eleza harusi uliyohudhuria.

Jumamosi, 19 Julai
Nimechefukwa. Harusi thelathini na moja zimeungua. Zote katika aya ya pili. Bibi harusi anaingia, moshi unafuka, wachuuzi wa nyanya wanakimbia. Wachuuzi wa nyanya, harusini! Hakuna hata mmoja aliyelisoma swali akasita. Nimewapa mbili mbili.

Mwanakombo hakuunguza mtu. Ameandika juu ya shangazi yake, aliyekataa kula mpaka wageni wote washibe. Insha ina mapengo. Nane.

Jumatatu, 21 Julai
Hamisi amezifuta mbili zangu na kuandika kumi na mbili kote. Nane ameiacha. "Lugha yao imenyooka, Mzee. Wazazi wanataka alama." Nilipaswa kusimama na kuondoka. Nilikunywa chai yake. Najichukia.

Mwanakombo amehamishwa peke yake. Kiti chake alikibeba mwenyewe.

Jumatano, 23 Julai
Nililiomba daftari lake. Nimezisoma zile insha za saba, zote tatu. Hazifanani. Kila moja ina kosa jipya. La zamani halirudi. Mkaidi harekebiki. Huyu hurekebika, anachokataa ni kuandikiwa. Wale wengine walitaka alama, wamezipata, wametupa kalamu. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu, nami nikamtukana hadharani. Aibu.

Alhamisi, 24 Julai
Nimemwambia Hamisi kwamba chumba cha nyuma ni changu kuanzia wiki ijayo. Hakupenda. Chai nimeikataa.

Jumamosi, 26 Julai
Mwanakombo alifika nyumbani kwangu, mtaa wa Bofu, saa nane. Shikamoo, kisha akaketi. Nilimwomba radhi. Akaangalia mkeka.

Akafungua daftari. "Mwalimu, mbona huyu shangazi haonekani?"

"Mikono yake hukuiandika."

Akafikiri. Akaikata aya nzima, akaanza upya. Hadi adhana ya alasiri alikuwa hajamaliza kuuandika mkono wa kushoto.