Laini Isiyoharibika

Jumanne, Kalerwe

Ni mimi niliyewakosesha majirani. Nazunguka kote narudi hapohapo.

Leo afisa wa umeme alikuja kutueleza kwa nini ruzuku ya serikali, ile ya nguzo za saruji na transfoma mpya, imepelekwa mtaa wa Bukoto. Alifungua daftari lake akasema kwa upole, "Laini yenu haisumbui, ssebo, bwana yangu. Mwaka mzima hakuna mtu ameripoti."

Majirani wakanigeukia. Hawaripoti kwa sababu umeme ukikatika wananiita mimi, fundi wao Mkongomani. Napanda ile nguzo iliyooza, naunganisha waya, taa zinarudi kabla ugali haujaiva. Nilikuwa najivunia. Sasa ningesema nini mbele ya afisa? Kupanda kwenyewe ni kosa, na mimi ni mkimbizi.

Alipoondoka, Mama Aisha muuza samaki akaniambia, "Ukikatika tena usiguse, baba. Turipoti, wakae na aibu yao." Ana haki. Lakini watu wa umeme wakiitwa wanakuja baada ya siku tatu, na mama yangu anapumua kwa mashine ya oksijeni.

Mvua ilinyesha jioni, umeme ukaenda. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyegonga mlango wangu. Walikaa gizani, wanasubiri kuona nitafanya nini.

Nilipanda. Nguzo ilikuwa inacheza chini yangu, safari nyingine sijui kama itanibeba.

Siku zote taa zikiwaka watoto hushangilia mtaa mzima. Leo ziliwaka na hakuna aliyeshangilia; niliteremka, milango yote imefungwa.